Marekani ilianza lini kujiandaa kwa Vita Kuu ya Pili? Hesabu za "kushtukizwa" hazikubali

Mwalimu wa Zamu

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha historia kidato cha nne. Kila nikifika Vita Kuu ya Pili naandika ubaoni yaleyale: Marekani ilikaa pembeni, Wajapani wakaipiga kambi yake ya majini ya Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, ikaingia vitani kwa hasira na kuijaza dunia ndege, vifaru na meli. Wiki hii mwanafunzi mmoja kaniuliza, "Mwalimu, kwani kiwanda kinajengwa kwa muda gani?" Nimemwambia nitamjibu Jumatatu, na Jumatatu inakuja.

Nimejaribu kupiga hesabu mwenyewe. Meli ya kubeba ndege iitwayo Essex iliingia kazini 31 Desemba 1942, mwaka mmoja na wiki chache tu baada ya Pearl Harbor. Meli ya tani 27,000 haijengwi kwa mwaka mmoja. Halafu mwaka 1944 peke yake Wamarekani walitoa ndege zaidi ya 96,000. Hivyo viwanda vilisimamishwa lini, na nani, kwa hela ya nani, ilhali wananchi wao wengi hawakutaka hata kusikia habari za vita ya Ulaya?

Naomba tusianze ligi ya nani mbaya nani mzuri. Nataka kujua kazi ilifanyikaje. Nawasilisha.

Mkereza Mstaafu

Mwalimu, mwanafunzi wako kauliza swali la karakana, ngoja nilijibu kikarakana. Nimekereza vyuma kwenye karakana ya reli mpaka nikastaafu, na vita hii huwa naisoma kwa jicho hilo. Majenerali siwatazami sana, natazama mashine.

Kwanza Essex yako. Mkuku wake, ule uti wa chini ya meli, uliwekwa Newport News, Virginia, 28 Aprili 1941. Siku Wajapani wanapiga, meli tano za aina hiyo zilikuwa tayari kwenye vyelezo zinajengwa. Sheria kubwa ya jeshi la majini Rais Roosevelt aliisaini 19 Julai 1940, mwezi mmoja hivi baada ya Ufaransa kusalimu amri: meli za kubeba ndege 18, destroya 115, nyambizi 43 na nyinginezo, zote kwa mkupuo mmoja. Na nyuma zaidi, mwaka 1933, alichota dola milioni 238 kwenye fungu la kufufua uchumi na kuwapa watu ajira, akajengea meli za kivita. Humo ndimo zilimotoka meli za kubeba ndege Yorktown na Enterprise, zilizopigana na Wajapani Midway Juni 1942. Kwa hiyo baharini walianza mapema.

Nchi kavu ndiko kulikokuwa na aibu. George Marshall aliapishwa kuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu 1 Septemba 1939, siku ileile Wajerumani wanaingia Poland, akakabidhiwa askari kama 190,000 tu. Kwenye mazoezi walikuwa wanakimbia na paipu na mbao badala ya mizinga, na lori limeandikwa ubavuni kwamba lenyewe ni kifaru.

Sasa kiini chenyewe. Watu hudhani nchi ikiwa na chuma, makaa, mafuta na watu wasio na kazi, basi silaha inazo. Marekani ya 1939 ilikuwa na vyote hivyo kwa kufuru. Kilichokuwa haba ni mashine za kutengenezea mashine: za kukereza, za kuchonga, za kutoboa, za kukata meno ya gia. Ndege haitoki mpaka injini itoke, injini haitoki mpaka krenki ikerezwe, krenki haikerezwi mpaka mashine yake iwepo, na hiyo mashine nayo inachongwa kwenye mashine nyingine, na mtu aliyejifunza kazi miaka kadhaa kasimama mbele yake. Hapo hotuba haisaidii. Roosevelt alisimama mbele ya Bunge 16 Mei 1940 akataka ndege 50,000 kwa mwaka, wakati mwaka 1939 nchi ilikuwa imetoa ndege za kijeshi elfu mbili na ushei.

Waliotengeneza hizo mashine mama walikuwa viwanda vya wastani, vingi vya kifamilia, Cincinnati na miji ya New England. Mdororo wa miaka ya thelathini ulikuwa umewachubua. Mwenye kiwanda alijiuliza: nikipanua leo, vita ikiisha nitamuuzia nani? Mauzo yao yote 1939 yalikuwa kama dola milioni 200. Mwaka 1942 yalivuka bilioni moja.

Na waliowatoa usingizini kwanza ni Wafaransa. Mwaka 1938 Ufaransa iliagiza ndege 100 za Curtiss, ikaja na oda nyingine, na ikatoa hela ya kupanua kiwanda cha injini cha Pratt & Whitney kule East Hartford. Ufaransa ilipoanguka Juni 1940, Uingereza ikazibeba oda zake zote. Kwa hiyo Paris na London zilikuwa zimeshaanza kulipia kuta na mashine kabla Bunge la Marekani halijafungua mkoba sawasawa. (Hizo Curtiss, Waingereza wakaziita Mohawk, na baadhi zilikuja huku kwetu na jeshi la anga la Afrika Kusini, zikapigana na Waitaliano Ethiopia 1941.)

Kulikuwa na vituko pia. Sheria ya kutounga mkono upande wowote haikuruhusu ndege ya kivita irushwe kutoka Marekani moja kwa moja hadi nchi iliyo vitani. Basi mapema 1940 ndege zinatua Pembina, North Dakota, zinafungwa kamba, farasi wanazivuta hadi zinavuka mstari wa Kanada, rubani mwingine anawasha injini na kuondoka. Sheria imefuatwa!

Dogo wa Gereji

Shikamoo mzee. Nimesoma ukerezaji Veta kwa hiyo nimekuelewa, ila kuna kitu kinanitatiza. Detroit walikuwa na viwanda vya magari vikubwa kuliko vyote duniani. Si wangebadilisha tu laini, badala ya gari itoke injini ya ndege?

Mkereza Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hata wakubwa wa Washington walidhani hivyo. Tuchukue mifano miwili.

Injini ya Merlin ya Rolls-Royce, ile ya Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza. Juni 1940 Ford aliombwa atengeneze 9,000, elfu sita za Waingereza, elfu tatu za Marekani. Edsel Ford, rais wa kampuni, akakubali, baba yake Henry akavunja mpango: Waingereza hawatengenezei kitu. Kazi ikaenda kampuni ya magari ya Packard, mkataba ukasainiwa Septemba 1940, kama dola milioni 130.

Michoro ikaja kutoka Uingereza. Wewe umesoma uchoraji, utaelewa: Mwingereza anachora mtazamo wa upande wa kushoto anauweka kulia, Mmarekani anauweka kushoto. Ukisoma mchoro wa mmoja kwa macho ya mwingine unatoboa tundu upande usio wake. Packard wakakaa kuchora upya. Kisha hesi za bolti. Hesi ya Kiingereza, Whitworth, ina pembe ya nyuzi 55, ya Kimarekani ni 60. Nati inaweza kuanza kuingia, ukidhani mambo safi, ikakwama au ikala meno. Sisi karakana tulikuwa na mashine kongwe za Kiingereza na vipuri vya mataifa mengine, na nimeona fundi mzima anaisukuma nati kama hiyo kwa spana ndefu mpaka bolti inakatika mkononi.

Packard wangeweza kusema tunaweka hesi zetu, basi. Hawakufanya hivyo, kwa sababu kipuri cha Detroit kilitakiwa kiingie kwenye injini iliyotoka kiwanda cha Rolls-Royce cha Derby, uwanjani, usiku, bila mjadala. Wakabaki na hesi za Kiingereza, Whitworth na BSF na BA, na kwa kuwa Marekani nzima hakukuwa na vyombo vya kutosha vya kukatia hesi hizo, wakatengeneza vya kwao. Injini za kwanza ziliwashwa Agosti 1941. Karibu mwaka mzima, kwa kampuni yenye mafundi hodari na hela ipo, na huo mwaka uliliwa kabla ya Pearl Harbor. Wangeanza Desemba 1941, hesabu mwenyewe wangefika lini.

Mfano wa pili ni vifaru. William Knudsen, Mdenmark aliyepanda mpaka akawa rais wa kampuni ya magari ya General Motors, Roosevelt alimwita Mei 1940 asimamie uzalishaji. Akampigia simu Keller wa Chrysler: unaweza kutengeneza vifaru? Keller akasema ndiyo, halafu akauliza anaweza kukiona wapi, maana hajawahi kukiona. Akapelekwa Rock Island, Illinois. Michoro waliyopewa ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 80. Watu wa Chrysler wakaunda kwanza kifaru kizima cha mbao, kipande kwa kipande, wajue kinaunganaje.

Wakati huohuo habari zikaja kutoka Ufaransa kwamba kifaru kile kimepitwa, cha Mjerumani kina mzinga mkubwa zaidi. Oda ya 1,000 ikafutwa, ikaandikwa ya kifaru kipya, M3, ambacho mchoro wake haujakamilika. Kiwanda kikaanza kujengwa Septemba 1940 kwenye mashamba ya Warren, nje ya Detroit, baridi ikaingia kuta bado. Unajua walipataje joto? Wakaingiza kichwa cha treni cha mvuke ndani ya jengo, wakakiacha kinachemka pale. Mimi mtu wa reli hapo ndipo wananimaliza kabisa. Aprili 1941 kifaru cha kwanza kikatoka huku jengo halijaisha.

Hapo hakuna laini ya magari iliyobadilishwa. Ni kiwanda kipya, mashine mpya, na ujuzi wa watu wa magari wa kupanga kazi: kila mtu kipande chake, kila kipande kipimo kimoja. Hicho ndicho Detroit ilichochangia kwanza. Magari yenyewe waliendelea kuyauza. 1941 walitengeneza zaidi ya milioni tatu.

Mama Mizania

Naongezea upande wa hela maana mzee kagusa tu. Mimi ni mhasibu.

Mwenye kiwanda alikuwa na haki ya kuogopa. Serikali ikatafuta njia mbili. Agosti 1940 ikaanzisha shirika linaloitwa Defense Plant Corporation, chini ya Jesse Jones, mtu wa benki wa Texas. Shirika linajenga kiwanda kwa hela ya umma, linanunua mashine, linakodisha kwa kampuni, mara nyingi kwa dola moja tu kwa mwaka. Vita ikiisha, kampuni inaweza kukinunua au kuondoka. Hasara inabaki kwa serikali. Ya pili, sheria ya kodi ya Oktoba 1940: ukijenga kiwanda cha ulinzi kwa hela yako, unaruhusiwa kufuta gharama yake yote kwenye hesabu za kodi ndani ya miaka mitano, badala ya kungoja miaka ishirini. Kwa mtu wa vitabu, hiyo ni sawa na serikali kukulipia sehemu ya jengo.

Kwa hiyo mwalimu, jibu la "hela ya nani": kwanza dhahabu ya Wafaransa na Waingereza, halafu walipakodi wa Marekani. Kuanzia 11 Machi 1941, kwa sheria ya kuazima na kukodisha, hata silaha za Waingereza zililipwa na Washington, fungu la kwanza dola bilioni 7.

Na msisahau nani aliachwa mlangoni. Kazi zilianza kumiminika huku viwanda vingi vya ndege vikikataa watu weusi waziwazi, labda kufagia. A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wahudumu wa treni, akatangaza maandamano makubwa Washington yafanyike 1 Julai 1941. Roosevelt akasaini amri namba 8802 tarehe 25 Juni, siku sita kabla, kupiga marufuku ubaguzi kwenye ajira za viwanda vya ulinzi. Maandamano yakaahirishwa. Utekelezaji ulisuasua, lakini mlango ulifunguliwa kwa sababu serikali ilihitaji mikono, na Randolph alijua hivyo.

Kona ya Ukweli

Mnazunguka sana. Kama viwanda vilikuwa tayari na meli ziko kwenye vyelezo, maana yake Roosevelt alijua. Aliacha Pearl Harbor ipigwe apate kisingizio. Mchezo wa kupanga.

Mwalimu wa Zamu

Ndugu yangu Kona, nilijua utafika. Ila nikuulize kwa adabu: mtu aliyepanga kila kitu angekubali jeshi lake linusurike kwa kura moja? Sheria ya kuandikisha vijana ya 16 Septemba 1940 iliwachukua kwa miezi 12 tu. Agosti 1941 Bunge likapiga kura ya kuwaongezea muda, ikapita 203 kwa 202. Mbunge mmoja angebadili mawazo, vijana wengi wa jeshi jipya wangeanza kurudi makwao miezi michache kabla ya Pearl Harbor.

Kujiandaa kwa vita na kujua siku na mahali ni vitu viwili. Waliacha kuiuzia Japani chuma chakavu 1940 na mafuta 1941, walijua kishindo kinakuja, wengi wakatazamia Ufilipino. Tuendelee na viwanda tafadhali.

Baharia wa Kilindini

Hamjambo nyote. Mimi niko Mombasa, nimepanda meli miaka mingi kama fundi wa injini, basi niruhusuni nitie neno kuhusu meli za mizigo, kwa sababu zinaitia nguvu hoja ya mzee Mkereza.

Desemba 1940 Waingereza waliagiza meli 60 kutoka Marekani, maana nyambizi za Wajerumani zilikuwa zinawamaliza. Nusu zikapewa yadi mpya Richmond, California, chini ya Henry Kaiser, mjenzi wa mabwawa aliyeshiriki lile la Hoover. Meli alikuwa hajawahi kuunda. Pale Richmond palikuwa tope la pwani tu. Ya kwanza, Ocean Vanguard, ikashushwa majini Agosti 1941. Kutokana na mchoro huo Wamarekani wakapata meli zao za mizigo aina ya Liberty. Ya kwanza, Patrick Henry, ilishushwa Baltimore 27 Septemba 1941. Zote zilizokuja kuundwa ni 2,710.

Sasa tazama injini waliyoweka humo: mvuke wa silinda tatu za kupanua, nguvu ya farasi 2,500, mwendo fundo 11. Injini ya kizee! Mwaka 1941 meli za kisasa zilitumia tabo (mvuke unazungusha mapanga) au dizeli. Wamarekani hawakuwa wajinga. Tabo inahitaji gia kubwa za kupunguza mzunguko, zenye meno yaliyokatwa kwa usahihi mno, na mashine za kukata meno hayo zilikuwa chache nchini nzima na jeshi la majini lilishazikamata zote kwa manowari. Injini ya mvuke ya zamani hata kiwanda kisichojua mambo ya bahari chaweza kuisubu na kuikereza. Wakakubali meli ipige fundo 11 kuliko ingojee gia.

Mkereza Mstaafu

Baharia, umenifunga mdomo kwa furaha. Hiyo ndiyo habari yote ya 1940 na 1941: kila kitu kilipangwa kulingana na mashine ipi imepatikana, bunge na magazeti wakidhani kinapangwa na wao.

Umeme nao ulikuwa hivyo. Ndege ni alumini, alumini ni umeme. Mabwawa ya Bonneville na ya bonde la Tennessee, ambayo wapinzani wa Roosevelt waliyaita ubadhirifu, yalitoa umeme wa kuyeyushia. Grand Coulee ilianza kuzalisha Machi 1941. Bado haikutosha, mpaka Julai 1941 kina mama wakaombwa watoe masufuria ya alumini. Milima ya masufuria ikakusanywa mijini. Alumini ya sufuria haikufaa kwa ubawa wa ndege, lakini watu walijisikia wamechangia.

Mwalimu wa Zamu

Wazee wangu, asanteni. La mwisho: je, tunaweza kusema siku ya Pearl Harbor Marekani ilikuwa tayari?

Mkereza Mstaafu

Hapana mwalimu, usiandike hivyo ubaoni. Jeshi la nchi kavu lilikuwa limefika kama milioni 1.6, ndege za kijeshi zilizotengenezwa mwaka 1941 zilivuka 19,000. Lakini Willow Run, kile kiwanda cha Ford cha Michigan kilichokuja kutoa ndege ya kudondosha mabomu ya B-24 kila saa mwaka 1944, kilianza kujengwa Aprili 1941 na siku ile hakikuwa kimetoa hata moja. Yake ya kwanza ilitoka vuli ya 1942. Mpira ulitegemea mashamba ya Malaya na visiwa vya Waholanzi, ambayo Wajapani waliyachukua ndani ya miezi michache.

Na kuna kitu kimoja hakikuhitaji kiwanda wala mashine, kikawashinda: kuijaribu silaha yao wenyewe. Torpedo ya nyambizi (bomu linalokwenda lenyewe chini ya maji), Mark 14. Ilikuwa ghali, kama dola 10,000 moja, kwa hiyo wakati wa amani walibana matumizi na kuijaribu kwa uchache mno. Vita ilipoanza manahodha wakawa wanarusha, wanasikia mgongano wa chuma, hakuna mlipuko. Wakubwa wa idara ya silaha wakasema nyie hamjui kulenga. Juni 1942, pwani ya Australia, nyambizi zikarusha kwenye nyavu za wavuvi kupima: torpedo ilikuwa inapita kama mita tatu chini ya kina ilichowekewa. Ikarekebishwa, bado hazilipuki. Julai 1943 nyambizi Tinosa ilirusha 15 kwa meli moja kubwa ya Kijapani, 11 zikagonga bila kulipuka, nahodha akabakiza moja akairudisha Pearl Harbor ikafunguliwe.

Kosa lilikuwa kwenye pini. Torpedo ikigonga sawasawa, kwa pembe ya mraba kama kitabu kinavyotaka, kishindo kinaipinda pini kabla haijafika kwenye fataki. Ikigonga kwa upande ndiyo inalipuka. Mafundi wa Pearl Harbor wakakereza pini mpya nyepesi, na kuanzia Septemba au Oktoba 1943 torpedo zikaanza kufanya kazi yake.